Injini ya Mwalimu Tumpe

Otto Komba wa Songea alikuwa na pikapu kuukuu ambayo ilikuwa imebeba mahindi, wagonjwa na hata maharusi. Injini ilipokufa, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari ya mtumba yalikuwa yamejaa mjini, na watu wakamwambia pikapu aiuze kama vyuma chakavu.

Ndipo akaja Tumpe, mwalimu mgeni kutoka Tukuyu. Gari lake la abiria lilikuwa limepinduka njia ya Tunduru, na Otto ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa pikapu hiyo, kabla injini haijafa.

"Shikamoo, baba. Bodi ya gari langu imekwisha, lakini injini ni nzima. Ichukue."

"Marahaba, mwanangu. Nitakurudishia nini?"

"Umeshanirudishia mguu huu ninaosimamia."

Fundi Aidan alikata vyuma vya kushikia injini ya zamani, akachomelea vingine. Boneti ikagoma kufunga, akaibana kwa mpira. Injini ya dizeli ilipowaka na kutulia, Otto alivua kofia. Akamfungulia Tumpe mlango wa mbele, wakazunguka hadi Lizaboni huku akipiga honi.

Tangu hapo, kila mavuno, gunia la kwanza lilishushwa kwa mwalimu, akatae asikatae.