Shati Lenye Pamba Upande wa Kulia

Ninamshukuru Mungu kwa macho aliyonipa, ingawa kuna kipindi niliyatumia vibaya. Nilikuwa fundi cherehani mjini Isiolo, kwenye baraza la duka la mjomba wangu, na baada ya Alasiri nilisomesha watoto madrasa. Watu waliniita maalim hata walipoleta suruali za kutiwa viraka. Babu yetu alikuja huku na jeshi la Waingereza, akabaki. Baba yetu alikuwa amefariki, na mimi ndiye niliyekuwa walii wa dada yangu mdogo. Ndoa yake isingefungwa bila mimi kusema ndiyo. Alikuwa amefikisha miaka ishirini na minne, na tayari nilikuwa nimewakataa wachumba wawili kwa niaba yake. Mmoja alikuwa mlevi. Wa pili, nikikumbuka vizuri, sikupenda tu namna alivyocheka.

Mwishoni mwa miaka ya sabini alianza kuja kwangu dalali mmoja wa mifugo. Alikuwa mtu wa mjini, mtoto wa mjane aliyeishi nyuma ya msikiti, na kila siku ya soko alipanda Oldonyiro kununua mbuzi. Mtu wa swala, mtu wa salamu. Lakini hakukubali kupimwa. Nilipovuta futi yangu shingoni alirudi nyuma hatua moja na kunipa shati kuukuu.

"Shona kama hii, maalim."

"Nikikupima itakukaa vizuri zaidi."

"Hii inanikaa."

Fundi akipewa shati la mfano huligeuza ndani nje aone mishono. Nililigeuza. Upande wa kulia wa kifua palikuwa na mfuko uliofungwa pande zote, umeshonwa kwa mkono, kwa nyuzi za rangi mbili. Niliufumua kidogo kwenye kona. Enzi hizo, mtu wa kwetu akiona kitu kimefichwa ndani ya nguo hakuwaza mema. Miaka ya shifta, wale waasi wa kaskazini waliopigana na serikali, ilikuwa bado karibu, na vizuizini tulipapaswa mpaka kwenye soksi. Nilidhani nitakuta risasi, au vipande vya pembe ya kifaru. Nikakuta pamba. Niliichambua yote, nikaisambaza juu ya meza ya cherehani. Pamba tupu.

Hilo lilinisumbua kuliko risasi. Risasi ningejua ni za nini.

Niliirudisha, nikashona shati jipya na mfuko wake kama alivyotaka, na sikuuliza. Lakini kuanzia siku hiyo nilimtazama. Niliona kwamba husalimiana kwa mikono miwili, wa kushoto ukiufunika wa kulia. Watu wa Kipsing waliniambia kwamba kwenye visima vya mto mkavu, ambapo wanaume huvua mashati na kupokezana ndoo za maji kutoka chini mpaka kwenye hori, yeye hushuka na shati lake, likalowa, akapanda nalo likiwa limemganda. Wenzake walimtania. "Wewe, vua, au ndani kuna bibi ya mtu?" Alicheka nao, hakuvua.

Kisha akapotea miezi miwili. Mama yake alisema yuko Nairobi, kwa matibabu. Ugonjwa gani, hakusema. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Aliporudi alikuwa amekonda, na mkono wa kulia aliuinua polepole, lakini alikuja moja kwa moja barazani kwangu akasimama mbele ya cherehani.

"Maalim, leo nipime."

Nilipitisha futi chini ya makwapa yake na kuikutanisha mbele. Pande zote mbili za kifua zilikuwa sawa. Kidole changu kilipogusa upande wa kulia, kilikuta kitu kinachobonyea kidogo halafu kinakataa, si kama nyama. Aliona kwamba nimeona.

"Na pamba?" nikamuuliza.

"Pamba wacha," akasema, na akatabasamu.

Wiki haikuisha, mji mzima ukawa na maoni. Kwenye kibanda cha chai mkabala na duka letu, mchinjaji mmoja aliapa kwamba kijana yule amewekewa redio kifuani.

"Walahi, serikali inasikia kila kitu anachosikia. Ndiyo maana hawamgusi pale kizuizini Ngaremara."

"Basi inasikia bei ya mbuzi tu," mwenye chai akamjibu.

"Ikisikia vile anatuibia, itamfunga yenyewe."

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kabla ya mwezi kuandama yule kijana aliwatuma wazee kwangu kumposa dada yangu.

Niliwaambia nahitaji muda wa kufikiri. Ni jibu la heshima na hakuna anayelikasirikia. Lakini sikuwa nafikiri, nilikuwa nachunguza. Nilimuuliza dereva wa lori la mifugo, nikamuuliza muuza dawa. Nilimpeleka mke wangu kwa mama wa kijana na sukari na majani ya chai, akarudi na sukari ya kwao bila neno lolote. Niliwaza kila kitu isipokuwa kumuuliza mwenyewe. Redio sikuiamini. Lakini niliwaza kwamba ni mgonjwa na anataka kutuachia mjane. Niliwaza kwamba labda si mwanamume kamili. Tena, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba ni hirizi, kwamba amepasuliwa ikafukiwa chini ya ngozi ili mtu asiione.

Ndipo alipopata kikohozi. Vumbi la njia ya Oldonyiro huwapata wengi wakati wa kiangazi. Nikaona mlango umefunguka. Kwetu, kifua kikibana, anaitwa muumishi, mtu wa kunyonya damu kwa pembe. Huweka pembe ya ng'ombe juu ya ngozi, huvuta pumzi kwa tundu la juu mpaka nyama iinuke ndani yake, kisha huchanja kwa wembe na kuvuta tena damu mbaya itoke. Mara nyingi hufanya mgongoni. Nilimwendea muumishi mmoja, mzee wa Kiborana, nikamwomba aende kwa kijana yule afanye mbele, kifuani. Nikamwambia nitamlipa mimi, na tutakwenda pamoja. Mchumba hawezi kukataa dawa iliyoletwa na walii wa msichana anayemtaka. Nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana nilifanya hivyo.

Tulimkuta kwa mama yake, saa nne asubuhi, anakunywa maziwa ya moto. Alipoona pembe akaniangalia mimi, si mzee.

"Maalim, umejisumbua."

"Wewe sasa ni kama mtu wetu."

Mama yake alisimama mlangoni. Kijana aliweka kikombe chini, akavua shati. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kifua chake. Upande wa kushoto ulikuwa na vinyweleo kama wa mtu yeyote. Wa kulia ulikuwa laini, umejaa, na chini ya kwapa palikuwa na kovu refu jekundu, limeshonwa vizuri kuliko ninavyoshona mimi. Mkono ule wa kulia, ambao sikuwahi kuuona peke yake, ulikuwa na vidole vifupi.

Mzee aliweka pembe juu ya upande wa kulia kama nilivyomwagiza, akavuta. Akavuta tena. Akaitoa, akaitazama ndani, akaipangusa mdomo wake, akavuta mara ya tatu.

"Nyama haiinuki," akasema. "Nimefanya hii kazi tangu kabla ya uhuru. Nyama ya mtu inainuka. Hii ni nini?" Na bila kungoja jibu akachukua wembe. "Kuna kitu kimekaa ndani. Tukifungua kidogo kitatoka."

Kijana akamshika mkono.

"Baba, hapo hapana."

"Wacha nikutibu, warya, kijana!"

"Hapo ukikata umeniharibu." Hakumwachilia. Lakini maneno yaliyofuata aliniambia mimi. "Maalim, nikikataa, utaninyima dada yako. Nikikubali, huyu mzee atapasua kitu ambacho nimelala kitandani miezi miwili kwa ajili yake. Si ungeniuliza tu?"

Nilimwambia mzee aweke wembe chini. Aliuweka, akanung'unika kwa Kiborana, na mama wa kijana akamtoa nje kwa upole kumpa chai.

Alinieleza akiwa ameketi, shati liko mapajani. Alizaliwa hivyo. Msuli unaofunika kifua cha wanaume wengine, yeye upande wa kulia hakuupata, wala vidole havikukua. Ngozi ililala juu ya mbavu ikaacha shimo, na akikimbia watu waliliona likipanda na kushuka. Utotoni waliita shimo hilo bakuli. Mama yake ndiye aliyeshona mfuko wa kwanza wa pamba, siku aliyomwanzisha shule. Miaka mingi baadaye ngamia alimpiga teke begani, akapelekwa hospitali Nairobi, na daktari aliyemtazama bega akauliza habari ya kifua. Alimwambia kuna mpasuaji mgeni anayetengeneza kifua cha wanaume wa namna hiyo. Huchonga kipande cha silikoni, kitu kama mpira mzito, kwa kipimo cha shimo lenyewe, akakiingiza kupitia kwapani.

"Kina kazi gani?" nikamuuliza.

"Kazi? Hakuna. Mkono hauna nguvu zaidi. Kinakaa tu."

"Basi ni urembo."

Alifikiri. "Labda. Wewe maalim ndiye unajua. Mimi nilitaka kushuka kisimani bila shati."

Nilitoka pale nikiwa na mashaka mapya badala ya yale ya zamani. Nilikuwa nimesoma kwamba kulibadilisha umbo alilokupa Mungu kwa kutafuta uzuri ni haramu. Nilikuwa nimesoma pia kwamba sahaba mmoja alipoteza pua vitani, akaruhusiwa kuvaa pua ya dhahabu. Lakini yule alikuwa na pua kabla. Huyu hakuwahi kuwa na kifua. Je, daktari alirudisha kitu, au aliongeza? Nilikwenda na swali hilo kwa sheikh aliyenisomesha, mzee sana, aliyekuwa akikaa kwenye mkeka ndani ya msikiti kati ya Adhuhuri na Alasiri. Nilimweleza yote, pamoja na pembe.

Kisha akasema, "Kilema kikirekebishwa, mimi sioni dhambi. Nieleze upya habari ya muumishi. Ulimpeleka kwa dawa?"

Nilivuta uzi uliokuwa umechomoza kwenye mkeka.

"Watoto wako wa madrasa wamefika sura gani?"

Nikamtajia. Alijua, nami nilijua, kwamba ndiyo sura inayokataza dhana mbaya na kuchunguzana. Nilikuwa nimewakaririsha wiki nzima, na aliyekosea kidogo nilimrudisha mwanzo.

"Mwombe msamaha," akasema, na akafumba macho, mazungumzo yameisha.

Jioni nilimwambia dada yangu nilichokifanya, bila kumwambia siri ya kifua, maana haikuwa yangu. Nilimwambia tu kwamba nilimpelekea mchumba wake muumishi na pembe na wembe, kwa hila. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Na yeye alisema nini?"

"Alikasirika kwa heshima."

"Asiporudi, kaka, utanitafutia mwingine wewe na yule mzee wako? Mtazunguka Isiolo nzima na pembe?"

Nilipanda lori mpaka Oldonyiro siku ya soko iliyofuata. Nilimkuta katikati ya mbuzi, ameshika mmoja kwa mguu wa nyuma. Nilimwomba msamaha palepale, kelele za soko zikiwa zimetuzunguka. Alimwachia mbuzi.

"Nimekusamehe, maalim. Kwa Mungu nimekusamehe." Akajipangusa mikono. "Lakini nilikuja kwako kuomba dada. Sasa sijui kama nataka shemeji."

"Una haki."

"Leo ni kifua. Nikishaoa, nikichelewa Nairobi siku mbili, utamtuma nani? Nikifunga mlango wangu, utachungulia?"

Nilitaka kuapa kwamba sitafanya hivyo. Nikajizuia, kwa sababu hakuwa na sababu ya kuniamini na ningejiongezea kiapo juu ya kosa. Nilimwambia, "Sijui. Nitajitahidi. Na wewe ukiniona nachungulia, niambie usoni kama ulivyoniambia siku ile."

Alitazama mbuzi wake. "Nitafikiri," akasema. Lile jibu la heshima, ambalo hakuna anayelikasirikia.

Nikarudi nyumbani kungoja. Ijumaa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nilikuwa nikishona nasikia kila kiatu kinachopita barazani. Wakati huo mama wa kijana alimwita dada yangu kwake, wakakaa asubuhi nzima, na dada aliporudi nilijua ameambiwa yote, kwa kibali cha mwenyewe. Nilimwuliza anasemaje.

"Nimeuliza kama kinamuuma."

"Kinamuuma?"

"Wakati wa baridi kidogo. Nikauliza daktari amesema kitakaa miaka mingapi. Hajui. Hata daktari hajui." Alifunga kanga yake vizuri. "Sasa mimi nishajua. Hiyo ni zaidi ya ulivyojua wewe kwa wale wawili uliowakataa."

Ijumaa ya tatu, baada ya swala, walikuja. Kijana, mama yake, na wazee wawili walewale. Tukawaandalia mkeka. Yule mzee mkubwa ndiye mwenye maneno, na kwetu maneno ya posa ni marefu. Huanza kwa kumsifu Mungu, akaja kwa mababu wa pande mbili, akataja vita walivyopigana pamoja na visima walivyonywea, na walii hutakiwa kutulia, asionyeshe haraka, kana kwamba ana mabinti kumi na wachumba mia. Mzee alianza upya kabisa, kama vile hajawahi kufika kwetu. Alikuwa bado kwa mababu wa kwanza. Nilimtazama kijana, naye alikuwa ananitazama mimi, na sikuona usoni mwake kwamba ameshaamua kuniamini. Alikuja tu.

"Nimekubali," nikasema.

Mzee akakoma katikati ya sentensi. "Maalim, bado sijaomba."

"Nimekubali."

"Subiri nimalize, basi! Bado sijafika hata kwa jina la msichana!"

Nyuma ya pazia nilisikia wanawake wakicheka, na sauti ya dada yangu ikiwa juu ya zote. Kijana aliinamisha kichwa kuficha kicheko chake. Nilimwomba mzee radhi, nikamwambia aendelee, na akaendelea, kuanzia mwanzo.