Utepe wa Mgeni Rasmi

Koplo Husnah wa dawati la makosa ya mtandaoni, kituo cha polisi cha Nateete, hatulii kitini. Mashine ya kufukua yaliyofutwa kwenye simu wafadhili wameshaileta, iko hapo mezani, lakini imezungushiwa utepe mwekundu. Marufuku kuiwasha mpaka mgeni rasmi aje akate utepe apigwe picha, naye kila siku anaahirisha.

Mbele yake ameketi Mwanawetu, fundi cherehani. Kuna kijana amesambaza picha za faragha za binti ya Mwanawetu aliye chuo kikuu. Amekamatwa, ila simu yake ameifuta yote, na bila ushahidi, jioni lazima aachiwe.

"Afande, tunasubiri nini?"

"Mgeni rasmi, mama."

Mwanawetu akautazama utepe, akatoa mkasi wake mkobani, akauweka mezani.

Husnah akainuka, akaenda kufunga mlango.