Baba aligoma nisiende kutoboa sakafu ya bahari, bambo la mchele likaniokoa

Wakuu, heshima zenu, na dada zangu wa humu pia.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijakiokota kijiweni. Asiyeamini asome tu, hailipiwi.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, baba alikuwa na stoo ya mchele Kariakoo. Mimi bintiye nimemaliza jiolojia, nikapata nafasi kwenye meli ya kuchimba, upande wa Japani.

Kazi ni kutoboa sakafu ya bahari pale bamba moja la dunia linapozama chini ya jingine, tupime maji yaliyobanwa kwenye ufa wake. Matetemeko makubwa huanzia humo.

Viza tayari, tiketi tayari. Mzee akagoma.

"Mnaenda kulitoboa tetemeko lenyewe? Likiamka je? Sikupi radhi."

Wakuu, niliumia. Kwetu huondoki bila radhi ya mzazi, hata uwe na digrii ukutani.

Kesho yake nikamfuata stoo. Shikamoo yangu ikajibiwa kwa ubaridi. Lori la mchele kutoka Kyela limeingia, yeye yuko bize na bambo.

Kwa nyie vijana wa supermarket: bambo ni chuma chenye ncha na mfereji. Unadunga gunia, kinatoka na mchele wa katikati, unajua kama umelowa bila kufungua gunia.

Nikamuuliza, "Baba, mbona gunia halijapasuka?"

"Lipasuke kwa katundu haka?"

"Basi na sisi ndiyo hivyo. Ni bambo tu, ila refu."

Akasimama. Akatazama magunia yaliyopangwa hadi darini.

"Sasa huko mnatafuta unyevu wa nini?"

"Maji yakibanwa na presha, miamba haishikani vizuri. Inateleza."

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Kumbe kama gunia la chini likilowa. Rundo zima linashuka!"

Radhi nikapewa palepale, mkono wenye vumbi la mchele kichwani kwangu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Melini nilitapika kwanza, kisha ikawa raha. Kutwa nakamua matope kwa mashine, maji yanatoka matone matone. Hakuna tetemeko lililoamka.

Siku ya kurudi nilijiandalia maelezo marefu. Mzee kanipokea uwanja wa ndege, hata begi hajashika:

"Enhe, lilikuwa limelowa?"

"Limelowa, baba."

Akamgeukia mama. "Si nilikwambia?"

Nilichojifunza: mzazi akikugomea, usimpelekee kitabu. Mfuate kazini kwake, uanzie hapo.

Haya, nanyi semeni, kazi zenu za ajabu mliwaelewesha vipi wazee? Mimi bambo lake liko hapa mezani, alinipa mwenyewe alipofunga stoo.