Sikio la Kinyozi

Mtaani kwetu kinyozi tulimwita Kaka. Hata wazee wenye mvi walikaa kwenye kiti chake na kumwambia, "Kaka, nipunguzie pembeni." Jina hilo hakujipa mwenyewe. Lilitoka chumba cha nyuma, kwa sauti ya mdogo wake wa kike aliyekuwa akimwita mchana kutwa: Kaka, chumvi imekwisha, Kaka, njoo uone panya, Kaka, nimemaliza hesabu. Sisi wateja tulilisikia mpaka likatuingia mdomoni. Naye Kaka alimwita mdogo wake Kiroboto, maana tangu anatambaa hakujua kukaa mahali pamoja.

Nilinyolewa pale miaka mingi. Vinyozi wengine huwa na habari za mtaa mzima, hata kabla wenyewe hawajazisikia. Huyu alinyoa kimya, kichwa amekiinamisha upande wa mlango wa nyuma. Sufuria ikianguka huko ndani, mkono wake ulisimama hewani. Alingoja. Msichana akisema, "Ni sufuria tu," ndipo wembe uliporudi shingoni mwako. Wageni walidhani ana maringo. Wenyeji tulijua ni hofu, na tulijua ilikotoka.

Baba yao alifia machimboni wakati Kiroboto hajaota meno. Mama aliwalea kwa kufua nguo za watu, kisha kifua kikamlaza, asiinuke tena. Kijana alikuwa ametoka tu kumaliza shule, na tangu utotoni alikuwa na ndoto moja: kuendesha treni. Alizijua treni kwa mlio, akiwa kitandani anakwambia hii ya mizigo, hii ya abiria. Alikuwa amefaulu usaili wa chuo cha reli. Mama alipata habari hiyo akiwa mgonjwa, akacheka, akasema basi sasa atasafiri bure.

Baada ya mazishi shangazi yao alijitolea kumchukua mtoto. Alimwambia kijana aende akasome, kwamba huyu ni damu ya kaka yake na hawezi kulala njaa yeye akiwa hai. Shangazi hakuwa mtu mbaya, na alilosema alilimaanisha. Siku ya safari kijana alipitia kwake na begi mkononi, amuage mdogo wake.

Alipokaribia ua akashangaa kwamba hasikii kelele za watoto. Alipoingia aliwakuta watoto wa shangazi wamejibanza ukutani, na shangazi mwenyewe kasimama mlangoni, viganja mdomoni. Katikati ya ua, kando ya jiko la mkaa lililopinduka, Kiroboto alikuwa chini. Mwili ulikuwa umekakamaa ukijitupatupa, macho yamegeuka meupe, povu linamtoka, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya makaa. Hakuna aliyemgusa. Jirani mmoja alikuwa akiwaonya wenzake kwamba ukiguswa na povu lile, nawe umekwisha.

Kijana alitupa begi akamvuta kutoka kwenye makaa. Hakujua la kufanya, akamkumbatia tu, akiuhisi ule mwili mdogo ukishindana naye. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba mtikisiko haukumtisha kama pale ulipokoma. Mtoto alilegea, na yeye akatega sikio kifuani asisikie kitu. Kisha pumzi ikaja, ndefu, ya kukoroma. Nadhani sikio lile halikuwahi kuondoka kifuani pale.

Treni iliondoka yeye akiwa kwenye benchi la hospitali. Muuguzi aliyemfunga mtoto bandeji alimweleza kwamba huu ni ugonjwa wa kifafa, hauambukizi, na kwamba dawa zipo za kuutuliza. Akamfundisha: mlaze ubavu, msogezee mbali vitu vya kumuumiza, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize, kaa naye mpaka azinduke. Kijana aliyashika yote. Kisha akauliza kifafa kingine kitakuja lini.

"Hilo hakuna ajuaye," muuguzi akasema. "Labda kesho. Labda mwakani."

Jibu hilo ndilo lililomkalia rohoni. Angeambiwa kila mwezi, angejipanga. Angeambiwa hakiponi, angelia, akazoea. Lakini labda kesho, labda mwakani, mtu atakizuia kwa mlango gani?

Shangazi alifika hospitalini macho chini. Alisema ana watoto wadogo, na kwamba anaogopa. Kijana hakumlaumu. Alimjibu kwamba hata yeye anaogopa, ila huyu ni wake. Chuoni alituma salamu kwamba atakwenda mwakani. Mwaka huo ukaja, ukapita. Dereva wa treni hulala mbali na kwake, na yeye hakuthubutu kulala hata chumba cha pili.

Mzee aliyepanga chumba cha mbele cha nyumba yao alikuwa kinyozi, na mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Kijana akamwomba amfundishe. Hakuupenda unyozi wala kuuchukia. Ilikuwa ndiyo kazi pekee ambayo angeifanya huku amesimama mlangoni pa mdogo wake. Mzee alipostaafu alimwachia kiti, kioo na wembe wa kukunja, akamwachia na usia: mteja akizungumza, itikia hata kama husikilizi. Usia huo aliushika vizuri kupita kiasi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kijana huyu aliona unyasi kila mahali. Meza alizikata pembe kwa msumeno. Kitanda alikitoa, godoro likawekwa sakafuni. Mlango wa bafu aling'oa komeo. Jikoni aliingia yeye peke yake, na kwa miaka mingi Kiroboto alikula chakula kilichonukia sabuni ya kunyolea. Mwalimu mkuu alipotaka kumtoa shule kwa kuwa anawatisha wenzake, Kaka alikwenda na shati lake la mazishi, akasimama mbele ya walimu wote, akawaeleza yale ya muuguzi neno kwa neno. Walimwacha asome. Hata hivyo kila mapumziko kinyozi alifunga duka, akaenda kuchungulia kwenye uzio wa shule kama mwizi.

Kifafa kilikuja, kikaenda. Dawa zilikitia adabu, na ilipita miezi bila kuonekana. Wewe ungedhani miezi hiyo alipumua. Kumbe ndiyo iliyomtesa. Kikija, alisema, angalau kimeshakuja. Kisipokuja anakiona kimekaa nyuma ya mlango, kinamngoja ageuke. Watani walisema kinyozi hajinyoi, wakimcheka kwa kichwa chake kilichojaa nywele kama kichaka. Yeye alicheka nao, macho yakiwa mlango wa nyuma.

Palikuwa na mshonaji katika duka la jirani, mwanamke mcheshi, aliyempenda Kaka. Hilo halikujificha, kwani mashati ya Kaka ndiyo pekee mtaani yasiyokosa kifungo. Walifikia hatua ya kuzungumzia ndoa. Siku moja mshonaji aliingia nyumba ile, akatazama meza zilizokatwa pembe na mlango usio na komeo, akamuuliza kwa upole, "Mimi nikihamia hapa nitakaa wapi? Kila mahali hofu yako imeshakaa." Mwanamke alingoja kitambo, kisha akaposwa kwingine. Bwana harusi, asiyejua hili wala lile, alikwenda kunyolewa kwa Kaka asubuhi ya harusi. Nilikuwapo nikingoja zamu. Alimnyoa vizuri, hakumchubua hata kidogo, akamfuta, akamtakia heri. Halafu akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, na zamu yangu sikuidai.

Kiroboto akakua. Alikuwa na kovu linalong'aa mkononi na ulimi usiokosa jibu. Siku moja alimwambia kaka yake kwamba amepata kazi katika duka la vitambaa, ng'ambo ya barabara kuu. Barabara ile malori hayapumziki. Kaka alisema hapana. Alisema tena hapana, kisha akasihi. Kiroboto alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia anaanza kesho.

Kuanzia hapo, tulionyolewa asubuhi tulikuwa na bahati mbaya. Msichana akishatoka, kinyozi alihesabu pumzi chache, kisha akakuomba radhi na kumfuata kwa mbali, akijificha nyuma ya nguzo mpaka amwone amevuka. Wewe ulibaki kitini, nusu una nywele, nusu huna, ukitazamana na kioo. Wenye haraka walihamia kwa kinyozi mwingine. Sisi wengine tulizoea kwenda na gazeti.

Siku yenyewe aliyoiogopa ilianza kwa asubuhi ya kawaida. Kiroboto alikuwa ametumwa na tajiri wake kupeleka mzigo, na Kaka, aliyekwisha kumwona akivuka salama, alikuwa amerudi na kutulia kidogo. Nilikuwa kitini, povu shavuni, nusu ya ndevu zimeondoka. Muuza mboga wa kona ya barabara kuu akasimama mlangoni, anahema.

"Kaka," alisema, "msichana wako kaanguka barabarani. Watu wamejaa."

Kuna watu wakiogopa hupiga kelele. Yeye rangi ilimtoka usoni, akatoka kama alivyo. Nami nikatoka nyuma yake, kitambaa shingoni, povu usoni. Hakuniona. Hakuona kwamba mkononi ana wembe, umekunjuliwa, unawaka jua. Lakini watu waliuona. Waliokuwa mbele yetu walitawanyika mguu niponye, akina mama wakavuta watoto ndani, mtu akafunga duka lake kwa kishindo. Alidhani, aliniambia baadaye, kwamba wanampisha kwa sababu wanajua msichana amekufa.

Barabarani lori lilikuwa limesimama kimshazari, matairi yamechora lami. Watu walikuwa wamelizunguka, nao walipomwona na wembe wakamwachia njia. Kaka alipiga magoti, akainama kuchungulia chini ya lori. Sitasahau mgongo wake pale. Ulikuwa mgongo wa mtu anayetazama kile alichokitazamia tangu ujana wake. Chini ya lori palikuwa na jora la kitambaa cheupe, limekanyagwa.

"Hayupo huko," dereva alimwambia kutoka mbali. "Nilikanyaga breki. Sikumgusa. Wenzake wamempeleka dukani."

Duka la vitambaa lilikuwa hatua chache tu. Ndani, Kiroboto alikuwa amelala ubavu sakafuni, kitambaa kilichokunjwa chini ya kichwa chake. Muuzaji mwenzake alikuwa amepiga magoti kando yake, macho kwenye saa ya ukutani. Mwingine alikuwa mlangoni akiwazuia watu wasimzibie hewa. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyeogopa povu. Kaka alitaka kujitupa juu ya mdogo wake, yule aliyetazama saa akainua mkono.

"Mwache kwanza, Kaka. Kimeshatulia, anapumua vizuri. Alitufundisha siku ya kwanza alipofika."

Kaka akasimama pale pale. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona mdogo wake katika hali ile akiwa mikononi mwa watu wengine, akiwa hai. Tulingoja. Mwishowe Kiroboto alifumbua macho, akayazungusha taratibu. Alimtazama kaka yake magotini vumbi, akanitazama mimi na povu langu, akautazama wembe.

"Kaka," alisema kwa ulimi mzito, "umekuja kuninyoa?"

Mtu akacheka, kisha sote. Kaka alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukoma. Alilia mbele ya watu, kwa kwikwi, kama mtoto. Niliutoa wembe vidoleni mwake nikaukunja, na vidole vilikuwa baridi.

Waliyozungumza ndugu hao jioni ile aliniambia mwenyewe, siku aliyonimalizia ndevu. Kiroboto alimshika mikono akamwambia, "Mimi nikianguka, nazinduka. Wewe unaanguka kila siku tangu mama afe, na hakuna anayekulaza ubavu." Kisha akamwambia kwamba amepata chumba, atakaa na yule mwenzake wa dukani aliyekuwa akitazama saa. Hakuomba ruhusa. Kaka alimuuliza kama ni kwa sababu amemchosha. Kiroboto alifikiri, maana hakuwa mtu wa kudanganya, akasema ndiyo, kidogo. Akaongeza kwamba angekuwa maiti zamani kama si yeye, na kwamba yote mawili ni kweli.

Kaka alimbebea godoro mwenyewe mpaka huko. Wiki zile za kwanza alikonda, akanyoa vibaya, akanikata sikio. Hofu haikumtoka. Ilimfanya atoke nje kila gari likipiga honi, na kila anayepita mbio alimuuliza kuna nini. Sikumdanganya kwamba itakwisha. Mambo mengine hayaishi, huzeeka tu pamoja nawe.

Kisha Kiroboto alimwalika mchana wa siku ya mapumziko. Alikwenda akiwa na mkoba wa dawa, kana kwamba anaenda zahanati. Aliketi kwenye kiti cha mikono, akamtazama msichana akihangaika huku na huko, akimsimulia habari za wateja wa dukani na ujeuri wao. Chumba kilikuwa na joto, na sauti ile ilikuwa haikatiki. Kiroboto aligeuka kumuuliza kitu asijibiwe. Kichwa kilikuwa kimeanguka begani, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

Alichukua ndoo, akatoka polepole kwenda bombani, ambako foleni ilikuwa ndefu. Alipiga soga na majirani, akajaza maji, akarudi. Alipofungua mlango, kaka yake alikuwa bado amelala, anakoroma.