Siku Tatu za Kumkanda Dija

Laiti ningeiacha ile miwani Dar.

Bibi yangu Mwajabu amewakanda matumbo wanawake wa Kaole kwa miaka arobaini. Mtu akilalamika tumbo, Bibi hupasha mafuta ya nyonyo, husema ni chango, hukanda. Wengi hupona. Dija, binti wa jirani yetu Mwanahija, Bibi alimkanda siku tatu mwaka jana. Siku ya nne tukamzika. Tangu hapo Bibi hajaacha kujiuliza alimkosea wapi.

"Mke mwenzangu," alinitania asubuhi ya Idi, "nasikia huko Dar mnapasua watu wa hewani. Hebu nivishe na mimi nilione hilo tumbo."

Mimi nasomea udaktari, mwaka wa pili. Chuo kilikuwa kimeniazima miwani mikubwa ya kompyuta. Ukiivaa unamwona mtu wa bandia amelala mbele yako, unampasua kwa vishikio viwili vya mkononi. Nilitaka sifa, nikamvisha.

Alicheka. Akanyoosha mikono amkande yule mtu, ikapita patupu. "Huyu mbona hashikiki?"

Nikamfungulia tumbo, nikamwonyesha utumbo ulivyojikunja. Kisha, kwa ujuaji wangu, nikamwonyesha kidole tumbo kilichovimba, kulia, huku chini.

"Mwenye hiki anaumwaje?"

"Maumivu huanzia kitovuni, yakashukia hapa. Anatapika. Homa inapanda."

"Na akikandwa?"

Nilitafuta uongo, sikuupata upesi. "Kinaweza kupasuka, Bibi."

Alijivua miwani, akaiweka mkekani taratibu.

"Dija alianzia kitovuni," alisema. "Akalia, nikamwambia avumilie."

Nikamwambia hatuna hakika, hakuna aliyempima, huenda angekufa vilevile. Maneno matupu, naye alijua ni matupu. Nilijichukia mno.

Hatujamaliza, hodi mlangoni. Mwanahija aliingia na sahani ya vitumbua, kama anavyofanya kila Idi tangu msiba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Pokea. Siku zote tatu hukuchoka naye. Mimi sina cha kukulipa, Mungu atakulipa."

Bibi aliificha mikono ndani ya kanga, akanitazama mimi, daktari wake. Nikapokea sahani.