Jicho la Kaka na Fomu ya Daktari

Nilimrushia kaka yangu glasi Jumamosi saa tisa alasiri, na kufikia saa tisa na nusu nilikuwa nimeshamjazia fomu ya daktari. Nalisema hilo mapema, maana watu wakisikia habari hii hunitazama kama mtu ambaye hakusaidia. Nilisaidia. Shida ni jinsi nilivyosaidia.

Tunakaa Rooty Hill, kitongoji cha huku ughaibuni, mama, kaka na mimi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo kuta zake zina mabaka ya plasta kila mahali tulipogongeshana. Mama anatusemesha Kiswahili, sisi tunamjibu Kiingereza. Ila ngumi zikianza tunarudi kwenye Kiswahili wenyewe, kwa sababu matusi ya Kiingereza hayashiki. Na tulipigana sana. Kaka ana miaka kumi na minane, mimi kumi na mitano, na hakuna siku aliyonionea huruma eti kwa kuwa ni msichana. Aliwahi kunibana kichwa kwenye mlango wa friji mpaka maziwa yakanimwagikia sikioni. Mimi niliwahi kumng'ata bega, nikashinda shuleni na uzi wa fulana yake katikati ya meno. Mama akirudi kutoka kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi alikuwa anatukagua mlangoni kama mzigo uliosafirishwa vibaya. Huyu katoka damu, huyu kavimba, haya, nani anaosha vyombo.

Sasa fomu. Kliniki yetu iliacha kutoa miadi kwa simu. Ukipiga, sauti inakwambia uingie kwenye tovuti, ujaze, usubiri ujumbe. Mama hujaza fomu kama anayemwandikia askofu: anaanza na salamu, anauliza daktari na familia yake hawajambo, ugonjwa unatokea mstari wa mwisho kama umechelewa basi. Kwa hiyo kazi hiyo niliichukua mimi, na nikaijua kuliko walioitengeneza. Ukiandika maumivu ni manne kati ya kumi, unapewa wiki ijayo. Ukiandika saba, unapigiwa leo. Ukigusa kisanduku cha kifua au pumzi, ukurasa unakuwa mwekundu na kukufukuza uende hospitali. Habari zikaenea kanisani. Baba mmoja Mrundi anayefanya kazi kiwanda cha nyama alikuja kwetu kafunga kidole kwa taulo, damu inamchuruzika hadi kiwikoni, akaniambia niandike ni mkwaruzo. Nikamwandikia nane. Walimpigia kabla hajamaliza soda yake.

Mtu mwenye uwezo kama huo na akili kama yangu lazima atautumia vibaya. Wiki ile nilimjazia kaka fomu bila yeye kujua. Niliandika kwamba miguu yake inanuka kiasi cha wenzake kazini kuomba kuhamishwa, kwamba anaogopa wasichana, na kwamba angependa daktari amweleze ukweli kwa upole. Sikudhani kuna mtu angeisoma kwa makini. Nesi alimpigia Jumamosi asubuhi akiwa dukani anapanga makopo ya maharage, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, aliiweka simu kwenye spika. Wenzake wote wa zamu wakamsikia nesi akiuliza, kwa upole kabisa, kama harufu ni ya mguu mmoja au yote miwili.

Alirudi nyumbani alasiri. Mama alikuwa kazini mpaka jioni. Mimi nilikuwa jikoni nakunywa maji, nacheka hata kabla hajafungua mdomo. Alipita nyuma yangu, akaushika msuko mmoja wa mbele, akaukata kwa mkasi wa kukatia kuku. Misuko ile nilikuwa nimekaa saluni ya Fairfield kutwa nzima nikivutwa kichwa ili niipate.

"Haya, na wewe nenda wakakucheke," alisema, akaudondosha kwenye sinki.

Nilimpiga kiwiko cha tumbo. Akanisukuma, mgongo ukagonga jiko. Nikamkamata sikio nikalivuta kama nang'oa muhogo, akanizaba kofi lililonionyesha rangi. Mpaka hapo ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Halafu mkono wangu ukaikuta glasi. Sikumlenga yeye. Nililenga ukuta, kando ya kichwa chake, nilitaka tu aruke kama panya. Glasi ilipasukia pale nilipolenga, na hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nimewahi kulenga vizuri. Kaka hakupiga kelele. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akakaa sakafuni taratibu.

"Toa mkono nione," nilisema.

Jicho lilikuwa jekundu, na damu kidogo ilikuwa imetoka kwenye kona. Kidogo tu. Nimeshamtoa nyingi zaidi ya hiyo puani.

"Unaona?"

"Naona kinyago."

"Basi mzima."

Alijaribu kucheka, uso ukamkunjamana. Nilimwosha kwa maji ya bomba, nikafagia vioo, nikavifunga ndani ya gazeti. Yeye ndiye aliyesema tusimwambie mama. Kanisani kila mtu anayo hadithi ya familia fulani ya Minto ambayo watoto waliulizwa maswali hospitalini, wiki iliyofuata watu wa ustawi wa jamii wakawa sebuleni wanafungua makabati.

"Sema nimeteleza bafuni," alisema. "Si wewe ndiye daktari wa mtandao? Jaza."

Nikajaza. Nini kilisababisha? Kuteleza bafuni. Kuna kitu kimeingia jichoni? Hapana. Uoni umebadilika? Hapana. Maumivu, kati ya moja na kumi? Mbili. Kuna mtu aliyekuumiza? Hapana. Nilijua kila jibu litatupeleka wapi, kama mtu anavyojua njia ya choo gizani. Nilikuwa nataka fomu itulie, na ikatulia. Ujumbe ukaja kwamba ombi letu si la haraka na litaangaliwa Jumatatu. Nilimwonyesha kaka simu nikiwa najivuna.

Jumapili alikwenda kanisani na miwani ya jua. Mama alivumilia mpaka mwisho wa ibada, akamvua palepale kwenye maegesho.

"Nini hiki?"

"Niliteleza bafuni, mama."

Alimshika kidevu, akaugeuza uso kwenye mwanga, anavyofanya kwa wazee wake. "Siupendi wekundu huu." Akanigeukia. "Umemjazia fomu?"

"Nimemjazia."

"Wamesemaje?"

"Jumatatu. Wamesema si haraka."

Mama akapumua. Akamrudishia miwani yake. "Basi tusubiri. Ingekuwa mbaya, fomu ingesema."

Alisema hivyo kwa imani ileile aliyotoka nayo ndani ya kanisa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Fomu ilikuwa imesema nilichoiambia iseme, na katika maegesho yale yote ni mimi na kaka tu tuliokuwa tunalijua hilo. Kaka alivaa miwani yake akaingia kwenye gari upande wa abiria. Siku zote huwa anagombania usukani na mama. Siku hiyo hakuuliza.

Mchana alijimiminia chai. Nilikuwa mezani, nikaona mkondo wa chai ukishuka pembeni ya kikombe, moja kwa moja juu ya mkono wake wa kushoto, ukichemka. Alichelewa kuutoa. Alikuwa anakitazama kikombe kana kwamba ndicho kilichosogea.

"We, mkono," nilisema.

Aliweka birika chini. Ngozi ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi, lakini hakuishughulikia. Alifunika jicho zima kwa mkono mwingine, akanielekezea lile la kulia.

"Ni kama mtu kaniwekea mfuko wa nailoni," alisema. "Tangu asubuhi. Wewe nakuona kama koti lililotundikwa."

Nilimsogelea karibu kama mara ya mwisho nilipotaka kumng'ata. Mboni ya jicho inatakiwa iwe duara. Yake ilikuwa imevutwa upande mmoja, imechongoka kama tone. Nikajua kwamba lile neno "hapana" nililolijibu kwenye swali la kitu kuingia jichoni lilikuwa bado limo mle ndani, limekaa.

Nilichukua simu, nikaifungua fomu mpya. Safari hii nilikosea jina lake mara mbili. Nini kilisababisha? Glasi iliyorushwa. Kitu kimeingia jichoni? Ndiyo. Uoni? Umebadilika. Kuna mtu aliyekuumiza? Ndiyo. Mtu huyo yuko nawe sasa? Nikaandika: ndiye anayejaza. Sikuwa natania, ingawa nikikumbuka sasa naona inafanana na mimi. Ukurasa ukawa mwekundu kabla sijafika mwisho. Acha kujaza, nenda hospitali sasa hivi. Halafu fomu ikajifunga. Haikutuma kitu kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimesema kweli na hakuna aliyeisoma.

Kwa hiyo ilibidi niiseme kwa mdomo. Mama alikuwa chumbani anapiga pasi sare yake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: miguu, mkasi, glasi, bafu ambalo hakuna mtu aliyeteleza. Aliichomoa pasi kwenye umeme kwanza. Kisha akaja akanipiga kofi moja, zito, la mkono uliozoea kugeuza watu wazima kitandani, na kichwa changu kikagonga fremu ya mlango. Hakuongeza la pili. Alikuwa ameshachukua funguo za gari.

Hospitalini nesi wa mapokezi alimuuliza kaka kilichotokea.

"Niliteleza bafuni," alisema.

Mama akageuka kumtazama. Mimi pia. Nesi akaanza kuandika.

"Si kweli," nilisema.

"Nyamaza wewe," kaka alisema kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa. "Watakuchukua, mjinga wewe."

"Wachukue. Jicho lina kioo."

"Nimesema nyamaza." Alinishika mkono wa juu akanifinya mpaka kucha zikaingia. Alikuwa ananilinda, na alikuwa ananiumiza vibaya sana, na sijui kama yeye mwenyewe alikuwa anatofautisha.

Nilimwambia nesi kwa Kiingereza, taratibu, kama ninavyowasomea kinamama wa kanisani maswali ya fomu. Nilirusha glasi. Ilipasuka ukutani, karibu na uso wake. Jana, saa tisa. Tulidanganya kwenye fomu. Nesi aliacha kuandika, akafuta alichokuwa ameandika, akanyanyua simu. Kaka aliniachia mkono. Ndani ya muda mfupi walikuwa wamemfunika jicho kwa kikombe kigumu, wamempiga picha ya kichwa, na daktari alikuwa anatuonyesha mstari mweupe mfupi ambapo hakutakiwa kuwa na kitu. Alisema kuteleza bafuni kusingemfanya atafute kioo. Alisema pia kwamba siku nzima iliyopita ilikuwa na maana, na hakuendelea, lakini mama anafanya kazi na wagonjwa na hakuhitaji aendelee.

Walimpasua Jumatatu asubuhi. Tukiwa kwenye kiti cha korido mama aliniuliza, macho yake yako ukutani, "Jana pale kanisani, mimi nilimwamini nani? Fomu, au wewe?"

"Mimi."

"Haya."



Mama mmoja wa ustawi wa jamii alikuja kweli. Aliongea na kila mmoja peke yake, akaniuliza kama najisikia salama nyumbani. Nilimwambia mimi ndiye ambaye watu hawako salama naye. Hakucheka. Aliandika, akaniuliza imeanza lini, akakaa kunisubiri nijibu. Nililia kwa aibu kubwa mbele ya boksi lake la tishu. Hakufungua kabati lolote. Bado anakuja, kila Alhamisi, na anakunywa chai ya mama yenye tangawizi huku pua inamtoka majasho.

Kioo kilitoka. Jicho limebaki mahali pake, lakini linaona mwanga na vivuli, na daktari amesema tusitarajie zaidi ya hapo. Watu hudhani jicho moja likibaki zima basi nusu ya shida imekwisha. Si hivyo. Umbali ndio umempotea. Anakosea ngazi ya mwisho. Anashika kitasa ambacho hakijafika.

Wiki ya tatu nilikuwa jikoni tena, akaingia akanikuta namwigiza anavyotafuta kitasa. Sijui kwa nini nilifanya vile. Nadhani nilitaka kitu kimoja nyumbani kiwe kama zamani. Alinitazama, akanirushia kofi la nguvu, lile lake la siku zote. Likapita hewani mbele ya pua yangu, upana wa kiganja kizima. Upepo wake niliusikia. Alijishika meza asianguke.

Aliutazama mkono wake, kisha akautazama uso wangu, akijaribu kupima niko wapi. Kaka yangu hajawahi kunikosa.

Nikasogea hatua moja mbele.

"Rusha tena," nilimwambia.

"Toka hapa."

"Rusha."

Akarusha. Lilinipata shavuni, kofi la kweli, meno yakakata ulimi, na damu ikajaa mdomoni. Nilibaki palepale nilipokuwa.