Ludmila na Picha Iliyo Juu ya Mashine ya Kahawa

Ludmila Rusk alikuwa na dharau za kila namna, lakini iliyokomaa kuliko zote aliiweka kwa ajili ya mkahawa wa Voulgaris, ule unaouza soseji ndani ya mkate kwenye kona ya mtaa wa kiwanda cha chuma. Mji mzima uliuabudu. Kiwanda kilikufa, kanisa la Waslovakia likauzwa, sinema ikageuzwa maegesho ya magari, Voulgaris akabaki. Waliohamia Florida wakirudi kuzika mama zao walipitia kwanza Voulgaris, ndipo wakaenda kwenye msiba.

"Soseji!" Ludmila alikuwa akisema. "Watu wazima na ndevu zao wanalilia soseji."

Yeye hakuwahi kuionja. Kila Jumamosi mumewe, Emmett, alikula zake mbili, za haradali, vitunguu na mchuzi wa nyama ya kusaga. Ludmila alikaa kando yake na kikombe cha kahawa, mkoba mapajani, mgongo haugusi kiti. Alimtazama mpishi akipanga mikate juu ya mkono wake mtupu, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, akiijaza harakaharaka kama mtu wa mazingaombwe. Wageni walipiga makofi. Ludmila aliangalia zile nywele za mkono.

"Jasho ndilo linalotia utamu," alimwambia Emmett. Emmett akatafuna tu.

Chuki hiyo ilianza siku ya harusi yao. Enzi hizo vijana wa tanuri la chuma walikuwa na desturi yao: bwana harusi akitoka kanisani hupita na wenzake kwa Voulgaris kula soseji wakiwa wamesimama, ndipo waende kwenye sherehe. Bibi harusi hubaki garini, eti shela lisije likanuka vitunguu. Mama yake Ludmila alikuwa amepika siku tatu, nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi, mpaka vidole vikavimba. Na binti yake yuko garini, kwenye joto kali la Julai, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi la kiwanda, maua yananyauka kichwani, akitazama wanaume watano wakicheka midomo imejaa. Walipofika ukumbini, mama mtu alimpima bwana harusi kwa macho, akasema kwa Kislovakia, "Huyu ameshashiba."

Na kama vile hilo halikutosha, mzee Voulgaris aliwapiga picha wale watano, akaitundika juu ya mashine ya kahawa. Miaka yote hiyo Ludmila alikunywa kahawa chini yake bila kuinua macho.

Mkahawa ulipokaribia kutimiza miaka mia, Dino, mjukuu wa Voulgaris, aliwafuata mezani akifuta mikono kwenye aproni.

"Mama Rusk! Mrembo wangu!"

"Sikuzaa mtoto mwenye tumbo hilo."

Dino akacheka, alishazoea. "Natafuta wanandoa wakongwe kuliko wote hapa, nimewaona ni nyinyi. Nawapiga picha mnauma soseji moja, huyu huku, huyu kule, nawatundika ukutani."

"Kama mbwa wawili na utumbo."

"Mama watoto," Emmett akasema polepole. Mwaka ule moyo ulikuwa umemwangusha mara mbili, na mambo aliyoyataka duniani yalikuwa yamebaki machache. "Mimi ningependa. Pale ukutani mimi nipo, wewe hupo."

"Unajua nilikuwa wapi."

"Najua. Nilikuacha kwenye joto."

Katika maisha yao yote hakuwahi kulitamka hilo. Ludmila alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Nitakaa," akamwambia Dino. "Lakini ile ishuke kwanza."

Kati ya wale watano alibaki Emmett peke yake. Wenzake wote alikuwa amewabebea majeneza.

"Ludmila, usitufanyie hivyo!" akapiga kelele Gus, fundi bomba, kutoka mwisho wa kaunta. "Baba yangu yumo mle!"

"Basi mpelekee maua makaburini, Gus. Hapa ni mahali pa vitunguu."

Dino akamgeukia Emmett. Emmett alifuta mdomo, akaikunja karatasi ya kufutia, akaikunja tena.

"Ishushe," akasema.

Dino akapanda kwenye kiti, akaitoa. Ukuta ukabaki na kiraka cheupe katikati ya rangi ya moshi wa mafuta. Picha ikawekwa kwenye kaunta, na Emmett hakuitazama. Alisogeza kiti chake karibu na cha mkewe, akafunga kifungo cha shingoni, akaweka mikono magotini kama mtoto anayesubiri kudungwa sindano.

Ndipo Ludmila alipoitazama. Wapumbavu watano, mchuzi videvuni. Mmoja wao, Stush, ambaye tanuri lilimuua kabla ya mwaka kwisha, amejifunga kitambaa cha meza kichwani kama shela. Na huyu wake, masikio makubwa kuliko ya wote, anacheka kana kwamba hakuna anayemngoja popote.

"Irudishe," akasema.

"Mama Rusk?"

"Una masikio? Irudishe. Watu waone upumbavu ulianza lini. Na sisi tutundike chini yake, siyo pembeni. Pembeni nitaonekana kama mwalikwa."

Emmett akamshika mkono.

"Niache, una haradali."

Lakini kuuma hakuuma. Dino alibembeleza, Gus akabembeleza, mpishi akaapa kwamba amenawa. Hivyo pichani Emmett amefumba macho, mdomo umejaa, na Ludmila kando yake, mkoba mapajani, anaitazama soseji kama mtu anayetazama kiatu chake alichokanyagia kinyesi.

Wageni huwa wanamuuliza Dino kama yule mama alikuwa anaumwa siku hiyo.

"Hapana," Dino huwajibu. "Hapo ndipo alipofurahi."